Herufi Mbili za Burundi: Uhakiki wa Uelekezaji Otomatiki wa Majina ya Vikoa na Nafasi ya Msomaji wa Kiswahili wa Cibitoke, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki desturi ya kusanidi kwa otomatiki uelekezaji wa watumiaji wa intaneti kupitia mfumo wa majina ya vikoa ulio katika huduma za wingu, hasa pale ambapo nchi ya mtumiaji hutumika kuamua lugha atakayoandikiwa. Usanidi unachukuliwa hapa kuwa matini, na unasomwa kwa zana za taaluma ya lugha. Zoni ya Cibitoke iliyoko kaskazini mwa Bujumbura ndiyo inayotumika kupimia hoja. Makala yanadai kwamba kanuni inayofunga msimbo wa nchi na lugha moja ni uamuzi wa sera ya lugha uliofichwa ndani ya uamuzi wa kiufundi, na kwamba otomatiki huurudia uamuzi huo bila mtu yeyote kuwajibika nao. Yanapendekeza kwamba mfumo wa majina ya vikoa ubakie na kazi ya kutafuta seva iliyo karibu na iliyo hai, na suala la lugha lirudishwe kwa msomaji na kwa vyombo vyenye mamlaka ya lugha.

1.0 Utangulizi

Mfumo wa majina ya vikoa, unaofahamika kwa kifupi chake DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 ili kuchukua nafasi ya orodha moja ya majina ya kompyuta iliyokuwa ikitunzwa kwa mikono mahali pamoja nchini Marekani. Kazi yake ya msingi ni nyepesi kuieleza: mtumiaji anataja jina, mfumo unarudisha anwani ya seva yenye jina hilo. Katika hali yake ya awali, jina moja lilikuwa na jibu lilelile kwa kila aliyeuliza, awe Mombasa au Montreal.

Hali hiyo imebadilika. Huduma za wingu zimeufanya mfumo wa majina kuwa chombo cha kuamua, na si cha kujibu tu. Huduma ya Amazon iitwayo Route 53, iliyoanza mwaka 2010, iliongezewa mwaka 2014 uwezo wa kutoa jibu kulingana na mahali anakotoka muulizaji. Mwaka huohuo kampuni ya HashiCorp ilitoa toleo la kwanza la Terraform, programu inayomwezesha mhandisi kuandika katika faili muundo mzima wa seva na majina yake, kisha mashine ikaujenga bila yeye kubofya kitufe kimoja kimoja. Mwaka huohuo tena, Burundi ilipitisha sheria kuhusu hadhi ya lugha, iliyokiweka Kiingereza kando ya Kirundi na Kifaransa kama lugha rasmi. Kiswahili, ambacho shule za msingi za nchi hiyo zilianza kukifundisha katika kipindi cha Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, hakikupewa hadhi hiyo.

Matukio hayo matatu hayakuhusiana. Yanakutana, hata hivyo, kwenye simu ya mkazi wa Bujumbura anayefungua tovuti ya huduma ya umma ya kikanda na kukuta ukurasa wa Kifaransa asioweza kuusoma kwa ufasaha, ilhali ukurasa huohuo wa Kiswahili upo na unasomwa Kigoma, kusini zaidi kando ya ziwa lilelile. Makala haya yanauliza: ni nani aliyeamua kwamba msomaji huyo ni wa Kifaransa, na aliamua kwa hoja gani?

2.0 Jinsi Swali Linavyofika na Jibu Linavyorudi

Uhakiki wowote wa mfumo huu unahitaji kwanza kuelewa unavyofanya kazi. Mtumiaji anapoandika jina la tovuti, simu yake haiulizi wingu moja kwa moja. Inaiuliza seva tatuzi, yaani seva inayotumwa kutafuta anwani kwa niaba yake. Seva hiyo inaweza kuwa ya kampuni ya simu, au ya kampuni ya kimataifa kama Google. Seva tatuzi ndiyo inayobisha hodi kwenye wingu. Wingu hutazama anwani ya aliyebisha, huilinganisha na kanzidata inayokisia anwani ipi iko nchi gani, kisha hutoa jibu lililoandaliwa kwa ajili ya nchi hiyo.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, anayetambuliwa kwa kawaida ni tarishi, si aliyemtuma. Kipo kiendelezi, kilichoandikwa rasmi mwaka 2016 katika waraka wa RFC 7871, kinachoiruhusu seva tatuzi kupeleka sehemu ya anwani ya mtumiaji mwenyewe, lakini si seva zote tatuzi zinazokitumia. Mtu wa Bujumbura ambaye seva yake tatuzi iko nchi nyingine anaweza kuhesabiwa kuwa mkazi wa nchi hiyo. Pili, kanzidata ya mahali hukisia. Haijui mtu yuko wapi. Inajua tu kwamba fungu fulani la anwani limeandikishwa au limeonekana mahali fulani.

Zipo sera kadhaa za uelekezaji. Ipo inayochagua seva yenye ucheleweshaji mdogo zaidi, ipo inayogawa watumiaji kwa uwiano, na ipo inayohamishia watumiaji kwenye seva ya akiba pale seva kuu inapokufa. Kwa nchi isiyo na bahari kama Burundi, ambayo mawasiliano yake huvuka nchi jirani kabla ya kufikia nyaya za baharini, sera hizi zina manufaa ya wazi. Mtumiaji wa Bujumbura anayepelekwa kwenye seva ya Afrika badala ya Virginia au Ireland hupungukiwa na muda wa kusubiri, na tangu Amazon ifungue kanda ya Cape Town mwaka 2020 jambo hilo limewezekana kwa wateja wake. Makala haya hayana ugomvi na sera hizo. Ugomvi ni na sera ya kijiografia inapotumika kwa jambo ambalo jiografia haina jibu lake. Mwongozo wa Route 53 wenyewe unataja, miongoni mwa faida za uelekezaji huo, uwezo wa kumwonesha mtumiaji tovuti kwa lugha yake. Hapo ndipo nchi inapogeuzwa kuwa lugha.

3.0 Usanidi kama Matini

Faili la Terraform ni matini. Lina msamiati, lina sarufi, na lina mwandishi ambaye ana msomaji akilini, hata kama msomaji huyo ni mashine. Tofauti yake na programu nyingi za kompyuta ni kwamba halitoi amri za hatua kwa hatua. Linaeleza hali inayotakiwa iwepo, na kazi ya mashine ni kuulinganisha ulimwengu na maelezo hayo na kuurekebisha ulimwengu pale unapotofautiana nayo.

Kwa mtaalamu wa isimu hili si jambo geni. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionesha kwamba zipo kauli zenye sura ya maelezo ambazo kwa kweli ni matendo. Kadhi anaposema ndoa imefungwa, haelezi ndoa iliyokuwepo, anaifunga. Mstari wa usanidi unaosema kwamba nchi ni BI na anwani ni ya seva ya Kifaransa una sura ya maelezo kuhusu Burundi. Kwa kweli ni tendo: unaifanya Burundi kuwa ya Kifaransa ndani ya mipaka ya tovuti hiyo. Austin alisisitiza pia kwamba kauli tendaji huhitaji mwenye mamlaka ya kuitamka. Asiye kadhi akisema maneno yaleyale, ndoa haifungiki. Katika usanidi sharti hilo halipo. Mhandisi yeyote mwenye nywila anaweza kutamka, na tamko linatimia.

Inafaa pia kutazama neno lenyewe linalotumika. Katika Route 53 na katika Terraform, kifungu kinachobeba kanuni hii hupewa jina ambalo tafsiri yake ya moja kwa moja kwa Kiswahili ni sera. Wahandisi hawakukosea walipochagua jina hilo. Walichoandika ni sera kweli. Kilichokosekana ni taratibu zinazoambatana na sera mahali pengine: mjadala, mwenye dhamana, tarehe ya mapitio, na mahali pa kupeleka malalamiko.

Matini hii ina viwango vyake vya uzito pia. Uelekezaji wa kijiografia wa Route 53 hutambua bara, nchi, na jimbo ndani ya Marekani. Kanuni ya eneo dogo hushinda kanuni ya eneo kubwa. Hivyo mhandisi anaweza kumtenga mkazi wa Vermont na mkazi wa New Hampshire, lakini Burundi yote, kuanzia Muyinga hadi Nyanza-Lac, ina herufi mbili tu. Ujumbe uliofichika ni kwamba tofauti za ndani ya nchi moja ni muhimu, na tofauti za ndani ya nchi nyingine si za kuhesabika.

Herufi hizo mbili zina historia inayostahili kukumbukwa. Zimetoka katika kiwango cha ISO 3166. Jon Postel, katika waraka wa RFC 1591 wa mwaka 1994, alieleza kwamba wasimamizi wa majina ya intaneti waliichagua orodha hiyo kwa sababu hawakutaka kuwa waamuzi wa ipi ni nchi na ipi si nchi. Waliliachia jambo hilo shirika lenye utaratibu wake. Ulikuwa unyenyekevu wa kitaalamu. Herufi zilizochaguliwa ili kuepuka uamuzi mmoja wa kisiasa sasa zinatumika kufanya uamuzi mwingine, wa lugha, ambao orodha ile haikuwahi kudai kuujua.

4.0 Cibitoke kama Kipimo

Mtu anayetaka kuonesha kwamba Kiswahili kipo Bujumbura angeweza kwenda Buyenzi, mtaa ambao kwa muda mrefu umejulikana kwa wasemaji wake wa Kiswahili. Lakini Buyenzi ingetupotosha. Ingetufanya tufikiri kwamba tatizo ni kukosa ramani yenye chembe ndogo zaidi, na kwamba tungepata kanuni ya mtaa badala ya kanuni ya nchi, kila kitu kingekuwa sawa.

Cibitoke inafundisha somo jingine. Ni zoni ya kaskazini ya jiji, katika Ntahangwa, jirani na Kamenge, Kinama na Ngagara. Kirundi ndicho lugha ya wengi, kama ilivyo nchini kote. Juu ya hicho, Kiswahili hutumika katika biashara, usafirishaji na mawasiliano na watu wa Kongo na Tanzania, na Kifaransa hutumika katika karatasi za ofisi na shule. Mtu mmoja huweza kuzitumia lugha zote tatu kabla ya adhuhuri, kila moja kwa shughuli yake. Hakuna ramani, hata iwe na chembe ndogo kiasi gani, inayoweza kusema mtu huyo ni wa lugha gani, kwa sababu jibu hutegemea anachokisoma na anachotaka kukifanya, si pale aliposimama.

Jina lenyewe la Cibitoke linatoa onyo la ziada. Kwa miaka mingi lilikuwa jina la zoni hii ya Bujumbura na pia jina la mkoa mzima wa kaskazini-magharibi, unaopakana na Kongo na Rwanda. Katika mageuzi ya kiutawala yaliyopunguza mikoa ya Burundi hadi mitano, mkoa wa Cibitoke uliunganishwa katika mkoa mpya wa Bujumbura. Kanzidata ya mahali inayohifadhi neno Cibitoke bila maelezo inaweza kumaanisha mtaa wa mjini au bonde la Rusizi. Mwenyeji hupambanua kwa muktadha. Jedwali halina muktadha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke anayeuza vitenge sokoni Cibitoke hupokea mzigo kutoka Kigoma na kutoka Uvira. Taasisi moja ya kikanda ina tovuti inayoeleza utaratibu wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo, na imeutafsiri utaratibu huo kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Mhandisi wake ameandika jedwali fupi: TZ na KE ziende kwenye Kiswahili, BI na CD kwenye Kifaransa, zilizobaki kwenye Kiingereza. Mwanamke huyu hujadiliana bei kwa Kiswahili na kila anayemletea mzigo, na husoma bila taabu ujumbe wao wa Kiswahili simuni. Kifaransa chake ni cha kujaza fomu kwa kunakili. Akifungua tovuti hiyo, anafika kwenye seva ya Kifaransa. Tafsiri ya Kiswahili, ambayo umma umeigharimia, haimfikii. Ikiwa hakuna kiungo cha kubadili lugha, hatajua kwamba ipo. Atamlipa mtu amsomee, au atalipa ushuru asioudaiwa.

Hapa inabidi kusema waziwazi kwamba kosa la jedwali hilo halirekebishwi kwa kubadili BI iwe Kiswahili. Mkulima wa Ngozi anayesoma Kirundi peke yake angedhulumiwa na kanuni hiyo mpya sawasawa na anavyodhulumiwa na ile ya kwanza. Mtetezi wa Kiswahili anayeomba herufi mbili za Burundi zihamishwe kutoka safu moja ya jedwali hadi nyingine anakubali msingi uleule wenye kasoro. Hoja ni kuliondoa jedwali.

Ng'ambo ya mpaka, katika Uvira, picha ni ileile kwa sura nyingine. Kiwango cha ISO 639-3 kinakitambua Kiswahili cha Kongo kwa msimbo wake, swc, ndani ya lugha-kuu ya Kiswahili. Hazina ya CLDR, ambayo programu nyingi za simu na kompyuta huchota humo kaida za tarehe, fedha na majina ya nchi, ina Kiswahili cha Tanzania, cha Kenya, cha Uganda na cha Kongo. Kwa upande wa Burundi ina Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili cha Burundi hakimo. Mtu anayevuka kutoka Uvira kuja Bujumbura, safari fupi kupitia Gatumba, anavuka kutoka mahali ambapo Kiswahili chake kina msimbo hadi mahali ambapo hakina. Hivyo jedwali la mhandisi halikuzuka hewani. Limejengwa juu ya majedwali mengine ambayo nayo yamenyamaza.

5.0 Hoja ya Watetezi wa Otomatiki

Watetezi wa otomatiki wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Usanidi wa mikono ni chanzo kikubwa cha makosa. Mtu anayenakili anwani usiku wa manane hukosea tarakimu, na tovuti nzima huzimika. Faili moja lililoandikwa, likakaguliwa na wenzake na likahifadhiwa na historia yake ni bora kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja anayeweza kuacha kazi kesho. Zaidi ya hayo, matini iliyoandikwa inaweza kuhakikiwa. Makala haya yasingewezekana kama kanuni hizo zingebaki vichwani mwa watu.

Hata hivyo, hoja hiyo inathibitisha kwamba otomatiki hutekeleza kwa uaminifu. Haithibitishi kwamba kinachotekelezwa kina busara. Tukio la 20 Oktoba 2025 linaonesha tofauti hiyo. Asubuhi ya Jumatatu hiyo, saa mbili na dakika 48 kwa saa za Bujumbura, jina la hifadhidata ya DynamoDB katika kanda ya Amazon ya Virginia lilianza kukosa anwani. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa na Amazon yenyewe, majina ya huduma hiyo husimamiwa na programu za aina mbili: moja hupanga anwani zipi zitumike, na nyingine, inayoendeshwa katika nakala kadhaa zinazojitegemea, hutekeleza mipango hiyo. Nakala moja ilichelewa. Wakati inajikokota na mpango wa zamani, nyingine ilikwishatekeleza mpango mpya na kuanza kufuta mipango iliyopitwa na wakati. Ile iliyochelewa ikaandika mpango wake wa zamani juu ya mpya, na ufutaji ukauondoa kwa kuwa ni wa zamani. Jina likabaki bila anwani hata moja. Mfumo haukuweza kujirekebisha. Ilibidi watu waingilie kwa mikono. Huduma hiyo ilirejea baada ya muda unaokaribia saa tatu, lakini athari zake katika huduma nyingine ziliendelea kwa saa nyingi zaidi na kuzifikia tovuti na programu za nchi nyingi.

Kila sehemu ya mfumo huo ilifanya ilichoagizwa. Hakuna sehemu iliyouliza swali ambalo mtu angeuliza: inawezekanaje jina lenye maelfu ya watumiaji lisiwe na jibu lolote? Kosa la lugha ni la aina hiyohiyo, ila lina tofauti moja inayolifanya kuwa baya zaidi. Jina lisilo na anwani hupiga kelele, na wahandisi huamshwa. Mtu aliyepelekwa kwenye lugha isiyo yake hapigi kelele yoyote. Seva imejibu, ukurasa umefunguka, vipimo vyote vinaonesha rangi ya kijani. Kwa mashine hilo ni fanikio.

Lipo pia suala la wakati. Kila rekodi ya mfumo wa majina hupewa muda wa uhai, mara nyingi sekunde au dakika chache, ambao ukiisha seva tatuzi hulazimika kuuliza upya. Wabunifu walijua kwamba anwani hubadilika, na wakaipa kila anwani siku yake ya kufa. Dhana ya lugha iliyo nyuma ya anwani haikupewa muda kama huo. Rwanda ilihama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kama lugha ya kufundishia kuanzia mwaka 2008, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza azma ya kuviweka Kiswahili na Kifaransa kando ya Kiingereza kama lugha rasmi za Jumuiya. Jedwali lililoandikwa kabla ya mabadiliko hayo linaweza kunakiliwa kutoka mradi hadi mradi bila kuguswa, kwa sababu halina mahali palipoandikwa kwamba linaisha lini.

6.0 Istilahi Zinazoficha

Sehemu ya tatizo imo katika Kiswahili chetu wenyewe, na wanaistilahi hatuna budi kuikabili. Tuanze na istilahi chaguo-msingi, inayotumika katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kumaanisha thamani inayotumika pale ambapo mtumiaji hakusema kitu. Katika Route 53, rekodi ya aina hiyo huandikwa kwa alama ya nyota, na huwapokea wote ambao mfumo haukuweza kuwatambua au ambao nchi yao haikutajwa. Isipowekwa, watu hao hawapati jibu lolote. Kiswahili kinaiita hali hiyo chaguo, ilhali ni hali ya kutokuchagua. Msomaji anaambiwa kwamba amechaguliwa kitu cha msingi, na swali la nani alichagua linazimwa na neno lenyewe. Thamani-kaimu lingekuwa neno la kweli zaidi: kaimu hushika nafasi mpaka mwenye nafasi afike, na kila mtu anajua kwamba si yeye mwenye kiti.

Neno trafiki nalo lina funzo. Katika miji ya Tanzania na Kenya, trafiki ni askari wa barabarani. Anasimama njia panda, anaona gari la wagonjwa, anasimamisha mengine. Katika msamiati wa wingu, trafiki ni msururu wa maswali ya watumiaji, na askari hayupo. Tunapotafsiri uelekezaji wa trafiki bila maelezo, msomaji wa kawaida husikia kwamba kuna mtu anayeangalia. Hakuna anayeangalia, ipo kanuni. Istilahi uelekezaji wa maswali ni kavu zaidi lakini haidanganyi.

Mapendekezo haya ya maneno si ya kupamba. Mshauri wa sera anayesoma mkataba wa huduma za wingu kwa Kiswahili atauliza maswali tofauti akikuta thamani-kaimu badala ya chaguo-msingi. Atauliza nani anakaimu, kwa niaba ya nani, na hadi lini.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamedai kwamba uelekezaji otomatiki wa majina ya vikoa, unapotumia nchi kuamua lugha, hufanya sera ya lugha bila kuikiri. Kasoro haiko katika otomatiki wala katika wingu. Iko katika kuuliza mfumo wa majina swali usiloweza kulijibu, kisha kulirudia jibu lake mara nyingi kiasi kwamba linaonekana kuwa ukweli wa asili. Kutokana na hoja hizo, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, taasisi za umma za Afrika Mashariki zitenganishe mambo mawili. Mfumo wa majina utumike kumpeleka mtumiaji kwenye seva iliyo karibu na iliyo hai, na kila seva iwe na lugha zote za tovuti. Lugha iamuliwe baada ya mtumiaji kufika. Kivinjari hutuma orodha ya lugha anazozipendelea mwenye simu, na katika alama hizo za lugha, kinyume na msimbo wa nchi, lugha hutangulia na nchi hufuata. Kwa kuwa simu nyingi hubaki na lugha zilizowekwa kiwandani, orodha hiyo peke yake haitoshi. Kila ukurasa uwe na njia ya wazi ya kubadili lugha, na uamuzi wa msomaji ukumbukwe na usifutwe na kanuni yoyote ya mahali.

Pili, pale ambapo kanuni ya nchi haiepukiki, usanidi wake ubebe ndani yake jina la idara iliyoiidhinisha, sababu yake na tarehe ya kupitiwa upya. Terraform na zana za aina yake huruhusu maelezo kama hayo, na ukaguzi wa otomatiki unaweza kukataa kanuni isiyo nayo. Mashine inayoweza kukataa faili lenye mabano yasiyofungwa inaweza pia kukataa kanuni isiyo na mwenyewe.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar, kwa kushirikiana na wataalamu wa vyuo vya Burundi, iwasilishe Kiswahili cha Burundi katika hazina ya CLDR. Kazi hiyo ni ya kiisimu kwanza: kuandika kaida za fedha, tarehe na majina ya mahali kama zinavyotumika Bujumbura na Rumonge. Kiswahili cha Rwanda nacho kitazamwe kwa jicho hilohilo.

Nne, mikataba ya ununuzi wa huduma za wingu kwa miradi ya kikanda iwe na kifungu cha lugha kinachopimika. Mtu aliye Cibitoke aweze kuufikia ukurasa wa Kiswahili, wa Kirundi au wa Kifaransa kwa idadi ileile ya mibofyo, na jambo hilo lijaribiwe kutoka Bujumbura kwenyewe, kwa simu ya kawaida na kwa mtandao wa kawaida, kabla ya malipo ya mwisho kutolewa. Kipimo hicho hakihitaji mtaalamu wa kompyuta. Kinahitaji simu moja na msomaji mmoja anayeulizwa, kabla ya jambo jingine lolote, angependa kusoma kwa lugha gani.